Mwondoleeni ndoo, mwachieni jembe

Mzee wa Ulemo aliyefikisha miaka 70 huku bado anapalilia alizeti yake ana mapaja yenye nguvu kuliko wengi wa rika lake wanaoishi mjini. Miaka nenda rudi ameinama na kuinuka, amechuchumaa chooni na jikoni, ametembea kwenda mnadani na kurudi. Hatari yake kubwa ya kuanguka haianzii shambani. Inaanza siku ile watoto wake, kwa mapenzi mema kabisa, wanapompokonya jembe, wanamwekea kiti cha plastiki chini ya mwarobaini na kumwambia, "Baba, umefanya kazi vya kutosha, sasa kaa upumzike."

Nabishana na kiti hicho. Ulemo, kata ya wilaya ya Iramba iliyo kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, si mahali pa pekee kwa jambo hili. Ni mfano wa maelfu ya vijiji ambavyo vijana wameondoka, pesa inatumwa kwa simu, na upendo kwa wazazi unapimwa kwa kuwapumzisha. Sisi tunaofanya kazi ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao tunakutana na matokeo ya upendo huo.

Kwanza tukubaliane kwamba kuanguka ni ugonjwa wa kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya ajali zote zisizo za kukusudia, ni za barabarani tu zinazoua zaidi. Nasi tukisikia neno ajali tunawaza basi na bodaboda. Bibi akianguka uani akavunjika nyonga, akalala kitandani wiki kadhaa na hatimaye kufa kwa nimonia, msibani tutasema alikufa kwa uzee.

Uzee peke yake haumwangushi mtu. Mwaka 1988 daktari Mary Tinetti na wenzake, huko Connecticut nchini Marekani, walichapisha utafiti wa wazee wenye miaka 75 na zaidi walioishi majumbani mwao. Katika mwaka mmoja karibu theluthi yao walianguka. Lakini theluthi hiyo haikuwa imegawanyika sawasawa. Mzee ambaye hakuwa na kasoro hata moja kati ya zile walizozichunguza, kama udhaifu wa miguu, dawa za usingizi au matatizo ya kutembea, alikuwa na uwezekano wa asilimia 8 tu wa kuanguka. Mwenye kasoro nne au zaidi alifikia asilimia 78. Wote walikuwa na miaka 75 na zaidi. Kinachotofautiana ni mzigo wa kasoro. Na kasoro nyingi kati ya hizo zinaondoleka.

Kusimama wima, hata bila kupiga hatua, ni kazi. Mwili unayumba kidogo muda wote, na ubongo unaurudisha katikati kwa kupokea habari kutoka pande tatu: macho, kiungo kilichomo ndani kabisa ya sikio ambacho huhisi kichwa kimeelekea wapi, na nyayo pamoja na vifundo vinavyohisi ardhi. Habari zikifika, amri hushuka kwenye misuli ya miguu. Kijana akijikwaa kwenye jiwe, mguu wa pili unaruka mbele kumdaka kabla hajatambua kilichotokea. Kwa mzee amri inachelewa kidogo, na msuli unaoipokea umepungua, hasa zile nyuzi zake za kasi, ambazo hupungua mapema kuliko nyuzi za kustahimili. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea taratibu kilomita kadhaa bila kuchoka, kisha akaangushwa na kamba ya mbuzi nyumbani kwake.

Sasa mweke mtu huyo kitini. Asubuhi anatolewa nje, uji analetewa, maji ya kunawa analetewa, mjukuu anatumwa kuchukua kila kitu. Kila huduma ni ya heshima na kila huduma inamwondolea safari moja ya kuinuka. Misuli ya paja isiyoinua mwili inayeyuka, na kwa mzee inayeyuka haraka kuliko kwa kijana. Miezi michache baadaye anahitaji kushikilia kitu ili asimame. Anaanguka siku moja, haumii, lakini anaogopa. Kwa hofu anapunguza hatua, na watoto nao kwa hofu wanamkataza hata kufika kwa jirani. Miguu inazidi kudhoofika, anaanguka mara ya pili, na hapo mfupa unavunjika. Mlolongo huu unafahamika vizuri katika tiba ya wazee. Ninachoongeza ni kwamba kwetu hofu ya watoto mara nyingi ina nguvu kuliko hofu ya mzee mwenyewe, kwa kuwa wao ndio wenye sauti ya kumkataza.

Kuna anayesema mwili uliokwisha haujengeki tena. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wagonjwa, wastani wa umri wao miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane. Kwa waliomaliza, nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hawa walikuwa watu ambao jamii yao ilikuwa imeshawakalisha. Msuli wa binadamu unasikia kazi hadi mwisho wa maisha, alimradi kazi hiyo iwe ya kuutosha.

Hapo ni lazima nitofautishe kazi na kazi, kwa sababu sisemi bibi wa miaka 75 aendelee kuteseka. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 juu ya uti wa mgongo ambao huenda umeanza kuwa na mifupa yenye vitobo, na aliyeibeba hawezi kutazama anapokanyaga. Mzigo wa kuni ni vivyo hivyo. Kupanda juu ya kihenge au kwenye mti ni vivyo hivyo. Hizo mwondoleeni bila mjadala. Lakini jembe jepesi kwa saa moja asubuhi, kuchambua mboga, kufagia uwanja, kuwafungulia kuku, kutembea kwenda kanisani, msikitini au kwenye kikao cha kikoba, hiyo ni dawa yake. Anayemtumia mama pesa ya kumlipa kijana wa kuteka maji amefanya jambo la maana. Anayemlipa kijana huyo afanye kila kitu anampunguzia mama miaka ya kutembea.

Kwa wale waliokwisha kukaa muda mrefu, kazi za nyumbani pekee hazitoshi. Yanahitajika mazoezi yenyewe. Mwaka 2019 jopo la watafiti wa mtandao wa Cochrane, likiongozwa na Catherine Sherrington wa Australia, lilijumlisha majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Yaliyofanya kazi hasa ni yale yanayomtikisa mtu kidogo, yanayoulazimisha mwili wake ujishike, pamoja na yale ya kuinuka na kuketi. Kutembea tu ni kuzuri kwa moyo na sukari, ila hakujathibitika kuzuia kuanguka kama hakuendi pamoja na hayo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu ushauri tunaoutoa zahanati mara nyingi unaishia kwenye "tembea tembea, mzee".

Mazoezi yenyewe hayahitaji ukumbi. Chukua kiti kigumu au benchi, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mzee aketi, apishanishe mikono kifuani, asimame wima kabisa, aketi tena polepole. Akishindwa bila mikono, aanze kwa kujisukuma na mikono, na aipunguze wiki hadi wiki. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Kisha ashike nguzo ya baraza na kunyanyua visigino asimame kwa vidole, ashuke, na baadaye anyanyue vidole asimame kwa visigino. Halafu atembee kwa ubavu, ukutani, hatua kumi kulia na kumi kushoto, kwa sababu kuanguka kwa ubavu ndiko kunakovunja nyonga na misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo tunayoisahau kabisa. Atembee pia kama anayefuata mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mkono ukiwa karibu na ukuta bila kuushika. Mwisho asimame kwa mguu mmoja. Afanye hivyo angalau siku tatu kwa wiki, nusu saa hivi, na asiache. Akiacha, faida inapotea. Anayehisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi aache hapo hapo na kumwona mtaalamu kwanza.

Huko kusimama kwa mguu mmoja kuna habari yake. Mwaka 2022 daktari Claudio Gil Araújo wa Rio de Janeiro na wenzake walichapisha matokeo ya watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75. Walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata, hata baada ya kuzingatia umri na magonjwa waliyokuwa nayo. Kipimo hakiui wala hakiponyi, na kushindwa kwake si hukumu. Kinaonyesha tu kwamba mwili unahitaji kushughulikiwa mapema, na unaweza kukifanya leo jioni ukiwa na mtu pembeni wa kukushika.

Kipimo kingine kimenifikirisha sana kuhusu kwetu. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, wakiongozwa na Lillemor Lundin-Olsson, waliwatazama wazee 58 wa makazi ya wazee wakitembea huku wakizungumzishwa. Kumi na wawili walisimama ili waweze kujibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Sababu inaeleweka: kutembea kukishahitaji akili yote, haibaki akili ya kuzungumza. Sasa fikiria Ulemo. Mzee akikutana na mtu njiani lazima asimame, apokee shikamoo, aulize habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Kusimama kwake ni adabu, kwa hiyo dalili inajificha ndani ya adabu na hakuna anayeiona. Ukitaka kuijua, tembea naye kwenye njia tambarare, mazungumzo yakiwa yamekolea, kisha umuulize jambo la kufikiri, kwa mfano mbuzi wake wangapi walizaa mwaka jana. Akilazimika kusimama ndipo ajibu, anza mazoezi wiki hiyo hiyo.

Tuje kwenye usiku, ambao naona ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mzee anaamka mara mbili au tatu kwenda haja ndogo. Choo kiko nje, hatua ishirini au arobaini, kuna kizingiti, kuna mafiga na sufuria zilizoachwa, kuna mbwa aliyelala. Gizani macho hayana habari ya kuupa ubongo, kwa hiyo kati ya zile pande tatu zimebaki mbili. Kama ana kisukari cha muda mrefu na nyayo zimekufa ganzi, imebaki moja. Taa ndogo ya sola mlangoni na nyingine chooni, njia iliyosafishwa na kusawazishwa, kamba iliyofungwa kwenye nguzo kumwongoza mkono, na kopo la kukojolea ndani kwa usiku wa mvua: hivi ni vitu vya bei ndogo, na sielewi kwa nini familia inayoweza kuezeka bati jipya inaviahirisha. Chooni kwenyewe wekeni nguzo imara ya kushika, iliyochimbiwa chini. Kuchuchumaa kumewapa wazee wetu mapaja mazuri kwa maisha yote, lakini kuinuka kutoka hapo, usiku, sakafu ikiwa imelowa, ni moja ya nyakati za hatari zaidi katika siku yao.

Kuamka kwenyewe kuna adabu yake. Mtu akisimama ghafla damu hushuka miguuni, na kwa mzee moyo na mishipa vinachelewa kuirudisha kichwani. Aketi kwanza kitandani, achezeshe vifundo, ahesabu hadi sitini, ndipo asimame. Hili linahusu zaidi wanaotumia dawa za presha, ambao ni wengi na wanapaswa kuwa wengi zaidi: katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliowapima wazee wa miaka 70 na kuendelea walikuta takriban saba kati ya kumi wana presha ya juu. Asiache dawa mtu yeyote kwa sababu ya safu hii. Amwombe muuguzi ampime akiwa amelala, kisha tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zinahitaji kuangaliwa upya. Dawa za usingizi, hasa diazepamu ya kununuliwa duka la dawa bila cheti, ni jambo lingine kabisa. Kwa mzee anayeamka usiku ni hatari isiyo na sababu.

Macho nayo. Wazee wengi wamekubali mtoto wa jicho kama sehemu ya umri, ilhali upasuaji wake ni wa muda mfupi na mgonjwa hurudi nyumbani akiona. Huko Nottingham, Uingereza, utafiti wa mwaka 2005 wa wanawake wenye zaidi ya miaka 70 ulionyesha kwamba kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema kulipunguza kuanguka kwa asilimia 34. Kambi za macho zinapotangazwa wilayani, mzee ambaye "bado anaona kidogo" ndiye wa kupelekwa, kwa sababu kidogo hicho ndicho kinachomfanya atembee akiamini anaona.

Kwa viatu nina neno fupi. Ndala haimshiki mzee kisigino, na mguu unaotafuta ndala iliyochomoka ndio unaojikwaa. Katambuga za matairi zenye mkanda wa nyuma, soli ngumu isiyo nene sana, ni bora kuliko nyingi zinazouzwa kwa bei ya juu. Fimbo nayo ipimwe: akisimama wima mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapokunjika. Aishike upande ulio kinyume na mguu mbovu. Chini ifungwe kipande cha tairi isiteleze.

Chakula kinaingia hapa kwa njia ya msuli. Ugali wa uwele na mlenda unashibisha, lakini mzee anayefanya mazoezi bila protini anajenga nyumba bila matofali. Mwenye kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu sita. Kunde, choroko, karanga, dagaa na maziwa vyote vinasaidia. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifiwa hadi Dar es Salaam, na mayai yao yanauzwa barabarani na bibi ambaye yeye mwenyewe huenda hajala yai mwezi mzima. Na ale.

Ikitokea ameanguka, msimnyanyue kwa pupa. Muulizeni anaumia wapi. Mguu ukiwa umefupika, unyayo umegeukia nje, na hawezi kuunyanyua, hesabuni kwamba nyonga imevunjika. Asikandwe, asivutwe, asipakiwe bodaboda katikati ya watu wawili. Miguu ifungwe pamoja na kitambaa laini katikati, abebwe amelala, afikishwe hospitali ya wilaya Kiomboi, na familia ijiandae kwamba upasuaji huenda ukahitaji safari zaidi, Singida mjini, Dodoma au hata hospitali ya KCMC, Moshi. Kila siku inayopita akiwa amelala nyumbani akichuliwa inaongeza uwezekano wa vidonda vya mgongo, kuganda kwa damu na nimonia.

Serikali inayo nafasi yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo, na madirisha ya wazee yamefunguliwa katika hospitali nyingi. Lakini dirisha linamsubiri aliyekwisha kuumia. Mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba. Kwenye orodha yao ya maswali juu ya chanjo, lishe na malaria, liongezwe swali moja kwa kila mwenye miaka 60 na zaidi: umeanguka mara ngapi katika miezi 12 iliyopita? Halihitaji mashine wala bajeti mpya.

Nawe unayepiga simu nyumbani Jumapili, uliza swali hilo mwenyewe. Usiulize kwa sauti ya kukataza, maana wazee wengi huficha kuanguka wakijua watazuiwa kwenda shamba. Mwambie mama kwanza kwamba jembe lake halichukuliwi, kisha uliza. Akijibu mara mbili au zaidi, au mara moja akashindwa kuinuka mwenyewe, mtumie nauli ya kwenda hospitali wiki hii, na mtu wa kumsindikiza.